Kichupa Namba Kumi na Nne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana ukimaliza kusoma barua hii huenda usinipe nafasi ya kukuamkia tena. U hali gani? Goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, limetulia? Kikohozi cha baba kimekwisha, au bado anakitumia kukwepa kazi za nyumbani? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala mapema, na mdomo wangu ulioniambia niufunge nikifika kazini bado haujafungika.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo tafuta pa kukaa, mama, usome taratibu. Ila usikae kwenye kile kiti kirefu cha wateja. Sababu utaiona mbele.

Nianze na habari niliyokupa wiki tatu zilizopita, kwamba protini yangu imekaa. Baba ameniambia ulivyoitangaza. Nasikia wateja wanaambiwa kwamba binti yako amegundua kinachofanya watu wafanane na baba zao, na kwamba jirani alikuletea mtoto umkague masikio. Mama, mimi sikugundua hivyo. Nadhani siku ile ulisikia neno "jeni", ukafurahi, na yaliyofuata hukuyasikia. Basi nieleze tena, kwa lugha ya chumba chako cha kushonea.

Wewe na mama mdogo mna kitabu kimoja cha mitindo, nakala mbili ambazo bibi aliwagawia siku moja. Chumbani kwako zinafunguliwa kurasa za suruali na sare za shule. Kwa mama mdogo, upande wa pili wa ukuta, zinafunguliwa kurasa za magauni. Kitabu ni kilekile. Mwili nao uko hivyo. Seli ya jicho lako na seli ya kisigino chako kila moja ina kitabu kizima cha DNA, neno kwa neno, ila kisigino hakioni kwa sababu ukurasa wa kuona haujafunguliwa huko.

Wanaofungua kurasa ni protini za aina fulani. Zinapita juu ya DNA zikiipapasa, kama wewe unavyopapasa kitambaa ukajua ni pamba bila kumuuliza muuzaji. Protini ikikutana na herufi zake, inakaa. Ikishakaa inaita mashine ya kunakili, ukurasa unanakiliwa, na kazi inaanza. Ziko na nyingine ambazo hukaa palepale ili kuzuia, kama yule mteja wako anayekuja kupiga soga na kuziba mlango mpaka jioni. Mimi nilikabidhiwa protini moja tu, nijue inakaa wapi. Kwa miezi kumi na moja haikukaa popote.

Tunapima hivi. Unachanganya protini na kipande cha DNA kwenye kichupa kidogo kuliko kidole chako cha mwisho, kisha unavitia juu ya bapa la jeli na kuvivuta kwa umeme vishuke. DNA ikiwa tupu inakimbia hadi chini. Ikiwa imebeba protini inakwenda polepole, na mstari wake unabaki juu. Mimi kila siku nilikuwa naona mstari chini. Profesa, ambaye ndiye mkuu wa maabara yetu na hajui kugomba, alikuwa akija, anatazama, anasema "haya," na kuondoka. Bora angegomba. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huu, na nilishaanza kujiona nimerudi nyumbani kukushonea vifungo.

Sasa nikujulishe kwa Bwana Lebo, jirani yangu wa meza. Tunamwita hivyo kwa sababu ana kimashine cha kuchapa lebo, na maabara nzima kaijaza maneno mawili: SI YAKO. Kiti chake kimeandikwa SI YAKO. Kikombe, kalamu, kalenda, vyote SI YAKO. Siku ya mvua nilifungua mwavuli wake kumsogezea, nikakuta ndani pia kumeandikwa. Kwenye friji ana vichupa ishirini vyenye namba na maneno hayohayo. Lebo zake zinakwambia kitu ni cha nani, ila hazikwambii ni nini. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Jumanne ile niliishiwa maji ya chumvi tunayohifadhia protini. Nilihitaji matone mawili tu, na kuyatengeneza mapya kunakula nusu siku. Bwana Lebo alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anamenya chungwa. Ilikuwa niseme tu, "Naomba." Lakini mama, wewe ndiye uliyetulea kwamba nyumba yetu haiombi. Hata chumvi ilipoisha tulikula chakula bila chumvi huku tukijisifu. Nikafungua friji, nikaona kichupa namba kumi na nne kimekaa kwenye safu niliyodhani ni ya maji, nikavuta matone mawili, nikakirudisha. Kuomba niliona aibu, kuiba sikuona. Malezi mengine yana matokeo yake.

Siku hiyo mstari ukabaki juu. Ulikuwa mweusi, mnene, umenyooka kama mshono wako. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema "haya" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Aliniambia nirudie mara tatu, na nikifaulu nitauonyesha kwa wageni wanaokuja kutukagua, na mkataba wangu utaongezwa. Hapo ndipo nikakupigia simu, nawe ukatoka nje kutangaza.

Nilirudia. Mstari chini. Nikarudia na maji mapya, chumvi mpya, jeli mpya, na viatu vile nilivyokuwa nimevaa Jumanne. Chini. Mara ya nne nilijifungia chooni nikalia. Tofauti ilikuwa matone mawili tu, na nilijua nilikoyatoa, lakini kusema kungekuwa kujianika mwenyewe. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatatu Bwana Lebo akapima vichupa vyake. Anavipima kwa rula, mama, kila Jumatatu. Namba kumi na nne ilikuwa imepungua. Alipiga kelele, akakusanya maabara nzima, akamnyooshea kidole Mama Vyombo. Huyu ni mama wa makamo anayeosha vyombo vyetu vya kioo, ana ufunguo wa friji, na katika miaka yake yote hapa hajavunja hata kimoja. Alikana mara moja tu, kwa utulivu, kisha akanyamaza. Profesa alisema kwamba itabidi ufunguo urudishwe na ahamishiwe jengo lingine kufikia Alhamisi. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimekunja mikono, natikisa kichwa pamoja na wengine kana kwamba nasikitika.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nikimtazama Mama Vyombo akikausha vioo na kuvipanga kwa uzuri kwa ajili ya atakayekuja baada yake, na nikajiona nimeoza kabisa. Na kulikuwa na jambo jingine, la zamani, lililokuwa likinirudia kila nikimtazama. Nitalifikia.

Alhamisi aliweka ufunguo juu ya meza ya Profesa. Nikasikia mdomo wangu umefunguka wenyewe.

"Ni mimi. Nilichukua bila kuomba."

Mama Vyombo alinigeukia, wala hakuwa na hasira.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa unamsubiri nani aseme?"

Bwana Lebo naye nilitegemea anirarue. Badala yake aliniuliza nilichukua kichupa gani hasa, nikamwambia kumi na nne, nilidhani ni maji. Akakaa kwenye kiti chake cha SI YAKO.

"Ile si maji," akasema.

Kumbe ndani yake mlikuwa na protini yake. Ameihangaikia miaka mitatu, nayo haijawahi kukaa juu ya DNA yoyote, ndiyo maana amekuwa mtu wa lebo. Tulitazamana. Kisha, bila hata kunisamehe kwanza, akaenda kuleta jeli. Tuliweka protini yangu peke yake, mstari chini. Yake peke yake, chini. Zote mbili pamoja, mstari ukapanda juu na kubaki huko. Zinashikana zenyewe kwanza, mama, halafu ndipo zinaishika DNA. Kila moja ikiwa peke yake inapapasa, inateleza, inapita. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa na vidole viwili kwenye friji moja, kimoja kimeandikwa SI YAKO na kingine mwenyewe hataki kuomba.

Ijumaa tulisimama wawili mbele ya wageni, mimi na Bwana Lebo. Mkataba umeongezwa. Mama Vyombo ana ufunguo wake, na Bwana Lebo alimwomba radhi mbele ya watu, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika. Mimi Profesa amenipa adhabu ya kuosha vioo na Mama Vyombo mwezi mzima. Nimeshavunja vinne. Na juzi nimekuta kwenye friji kichupa kipya, lebo imechapwa kwa mashine ileile: YETU, NAMBA MOJA. Nilikitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili kichupa.

Sasa mama, shusha pumzi. Swali la Mama Vyombo halikuwa la matone mawili tu.

Unaukumbuka mkasi wa bibi, ule mweusi wenye uzi mwekundu mpinini? Uliopotea nikiwa na miaka minane, ukasema mama mdogo ndiye aliyeutumia mwisho, naye akakana mara moja akanyamaza, nawe ukasogeza kabati kubwa likaziba mlango wa kati ya vyumba vyenu? Miaka kumi na tisa kila mmoja anasikia cherehani ya mwenzake kupitia ukutani, na mnasalimiana kupitia kwa baba. Mama mdogo hakuuchukua. Ni mimi. Nilitaka kumpasua yule mdoli anayelia nijue sauti inatoka wapi. Nikavunja ncha ya mkasi, nikaogopa, nikaufukia ndani ya sifongo la kiti cha wateja, nikashona juu. Ule mshono uliopinda, ambao siku zote unasema fundi wa viti alikuwa mlevi, ni wangu. Na wale wateja wanaolalamika kwamba kiti kinachoma, ukawajibu kwamba hawana subira, walikuwa wanasema kweli.

Nisamehe, mama. Nilikuwa mtoto, lakini utoto uliisha zamani na bado nilinyamaza. Nimekunyima dada yako kwa miaka kumi na tisa. Zamani mkishona pamoja, wewe ukikata na yeye akiunga, mlikuwa mnafungua ule ukurasa wa katikati wa kitabu, wa magauni ya harusi, ambao tangu siku ile hakuna kati yenu aliyeugusa. Nakumbuka mlivyokuwa mkicheka. Nimeukosa ule mcheko kuliko unavyodhani.

Fumua mshono, mama, utoe mkasi. Kisha fanya lile ambalo nyumba yetu haijui kulifanya, umwombe dada yako radhi.

Nisalimie baba, mwambie kikohozi sasa kinatosha. Salimia goti. Wasalimie wateja wote, hasa waliowahi kuchomwa, na umwambie jirani masikio ya mwanawe hayana neno. Nimemwandikia na mama mdogo barua ya kukiri haya yote, na yake niliituma siku mbili kabla ya yako. Kwa hiyo ukisikia kabati linasukumwa kutoka upande wa pili, usiogope. Livute.

Ni mimi kitindamimba wako, mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Mpasua Mdoli