Nguvu Zikifika Nusu

3 Februari

Mwanangu mpendwa,
Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, mgongo wangu unalalamika, na mama yako ananisemea kwa majirani. Jana droni yenu ilileta chanjo zahanati. Nilimwuliza tabibu, "Nani anaiendesha?" Akasema, "Hakuna, Mwalimu." Mama yako akadakia, "Basi ni kama darasa lako siku ulizougua." Nieleze: inajuaje njia? Na ikichoka je?
Baba yako

17 Februari

Shikamoo Baba,
Mimi mzima, ila macho yanauma kwa skrini. Droni ina mapanga manne yanayozunguka kama ya feni. Ikiinama upande mmoja, hujisawazisha kabla jicho halijaona. Njia imeandikwa ndani yake. Kuhusu kuchoka, niliiandikia kanuni uliyonifundisha nikijifunza kuogelea mtoni: "Nguvu zikifika nusu, geuka." Betri ikibaki ya kurudia tu, inageuka. Nilishauri pia kitufe cha kuizuia isigeuke kiondolewe, kwa sababu wahudumu waliilazimisha iendelee, tukapoteza droni tatu. Mwambie Mama kwamba darasa hili linatii.
Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,
Simu ilikatika, kwa hiyo naandika yote kwa utaratibu. Nyoka alimwuma mama yako mguuni saa nne asubuhi. Mto ulikuwa umefurika, daraja limezama. Tabibu aliagiza dawa kwa droni. Saa sita tuliisikia ikija. Mama yako akaniambia, "Toka nje, mpokee mwanao."

Upepo ulikuwa mkali. Ilifika karibu na uzio wa zahanati. Niliiona hata kamba iliyofunga kisanduku. Ikasimama hewani, ikageuka, ikaondoka. Niliikimbilia nikiiita, mimi, mtu wa miaka sabini na mmoja. Nilirudi ndani nikamwambia mama yako kwamba inazunguka ili itue vizuri. Aliniamini mpaka saa nane.

Tulimzika jana.
Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba,
Siulizi hali. Nilikuwa mbele ya skrini. Zilibaki mita arobaini. Mkono wangu ulikitafuta kitufe mahali kilipokuwa zamani. Betri ingetosha kutua kwenu mara kumi. Haikutosha kutua na kurudi. Ilirudi salama, Baba, kisanduku kikiwa bado na baridi. Sikuiandikia kwamba ng'ambo nako kuna ukingo.

Kanuni nimeibadilisha. Niandikie neno lolote, hata la kunigombeza.
Mwanao

30 Juni

Mwanangu,
Barua zako zote nne tangu Mei zimefika. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kujibu, niliandika kama mwalimu, nami sina la kufundisha. Siku ile mtoni nilisimama ukingo wa kwetu nikakupigia kelele ugeuke. Habari ya ng'ambo sikukwambia. Niliogopa tu kwamba hutarudi.

Droni huja kila Jumanne. Sasa inatua, hata upepo ukivuma. Huwa natoka nje kuipokea, kama nilivyoagizwa.
Baba yako