Niliwasha Tanuri, Lawama Kazibeba Mama

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana ukinicheka katikati utakuwa na haki lakini utakuwa bado hujasikia lililo baya zaidi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, nasoma shahada ya sanaa, mwaka wa tatu, upande wa ufinyanzi, na darasani wananiita Profesa kwa ajili ya mdomo, mikono yangu haimo kabisa kwenye sifa hiyo. Nipe bakuli la mtu yeyote nitaliongelea saa nzima mpaka mwenyewe aone kumbe alikuwa na maana kubwa, lakini la kwangu likisimama bila kulalia upande mmoja namshukuru Mungu.

Kwenye karakana yetu yuko mama mmoja tunayemwita Mama Tanuri, hana cheti chochote, kwenye karatasi za chuo ameandikwa mhudumu, yaani afagie, achanganye udongo na alisimamie tanuri la gesi tunalochomea vyombo, na kwa miaka miwili ya kwanza mimi nilimwamkia tu nikapita, niwe mkweli, nilimwona kama benchi au ndoo. Muhula uliopita tulikuwa tunamsubiri mtahini kutoka chuo kingine, vyombo vya darasa zima vilishapangwa ndani ya tanuri, mlango umeachwa wazi kidogo, na mchana ule Mama Tanuri alitoka kumpeleka mjukuu wake kliniki, nami nikaona muda unakwenda, na mshauri, nilikuwa nimeandika insha ya kurasa ishirini kuhusu moto katika sanaa nikapata tisini na mbili, nikajiona moto naujua, ufunguo wa gesi unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, karakana haina mtu, nikalifunga tanuri, nikaliwasha, nikafungulia gesi mpaka mwisho ili tuwahi.

Haikupita saa nikasikia pa! Halafu pa, pa, pa, humo ndani, kama mtu anavunja sahani kwa hasira. Nikazima, nikakimbia. Kumbe mlango ule uliachwa wazi makusudi, vyombo vilikuwa bado na maji ndani ya udongo, na maji yakichemka humo hayana pa kutokea mpaka yapasue. Kesho yake tanuri lilipofunguliwa hakukuwa na chombo kizima hata kimoja. Mwenzetu tunayemwita Taratibu alikuwa amefinyanga kichwa cha bibi yake marehemu kwa miezi minne, kwa kumbukumbu tu, maana bibi yule hakuwahi kupigwa picha hata siku moja, na nilimwona akiinama, akaokota sikio moja lililobaki zima, akalifunga kwenye leso. Mkuu wa idara akauliza, "Nani aliwasha?" Wote wakanyamaza, na mimi nikanyamaza kuliko wote. Mama Tanuri akasema, "Tanuri ni langu. Andika mimi." Akapewa barua ya onyo, akaikunja, akaiweka mfukoni, akachukua ufagio.

Sasa sikia maajabu. Wiki iliyofuata, sijui kwa nini, kati ya wanafunzi thelathini na mmoja akaniita mimi peke yangu, "Wewe Profesa, kesho saa moja asubuhi uwe hapa." Nikaenda. Akanipa beseni la vigae vya vile vyombo vilivyopasuka, akaniambia nivitenganishe, vya kila mtu peke yake, na kazi hiyo ilinichukua siku mbili na usiniulize nilijisikiaje. Baada ya hapo akaanza kunionyesha vyombo vibichi kwenye rafu. Anakiinua chombo, anakiweka shavuni, anafumba macho, anasema, "Huyu bado," au, "Huyu tayari." Mimi nikiweka shavuni naona udongo tu. Akaniambia, "Ule ubaridi ndiyo maji. Subiri, shavu nalo husoma." Siku ya kumi na tatu nikaweka bakuli shavuni nikausikia, ubaridi kidogo sana, huko chini kwenye kitako, na mshauri, nilikaa sakafuni na bakuli la mtu mikononi, maana nilielewa kwamba mama huyu kila siku anazungumza na vitu ambavyo sisi tunavizungumzia tu.

Vyombo vilipokauka tukavichoma, na tulipolifungua tanuri safari hiyo vilikuwa vizima vyote, vyekundu, na kwa kuwa vilikuwa bado vinapoa vilikuwa vinalia, tin, tin, kila kimoja kwa sauti yake, na yeye kabla hajagusa kitu akavua ndala zake akaziweka pembeni. Nikamuuliza, "Mama, unavua viatu?" Akasema, "Miaka ishirini na sita nafungua mlango huu, mwanangu, na sijazoea." Nami nikavua vyangu. Sijawahi kustaajabu hivyo maishani.

Tatizo ni kwamba idara inabadilisha mtaala, kamati inakaa Jumatatu ijayo, na mkuu wa idara anasema ajali ile imeonyesha tanuri ni hatari na limepitwa na wakati, kwa hiyo saa zote za karakana ziondolewe, mahali pake liingie somo jipya linaloitwa Nadharia na Uwasilishaji, kwa sababu msanii wa leo anatakiwa ajue kujieleza, na Mama Tanuri apumzishwe. Na mimi, kwa kuwa ni mwakilishi wa wanafunzi na nina mdomo, nimeombwa nisimame nilitetee somo hilo. Nikisema ukweli naweza kufukuzwa, na shangazi yangu aliyenilea, ambaye ni fundi cherehani, ameshanishonea suti ya mahafali, imetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni na kila mgeni lazima aonyeshwe. Nikinyamaza sijui nitaishije. Nimefikiri labda niache chuo kimyakimya, nimfuate Mama Tanuri popote atakapokwenda nikajifunze kwake, maana naona shahada hii hainifundishi kitu. Je, niache chuo?

Ni mimi, Profesa wa Mdomo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Profesa. Sikukucheka. Nilitaka, pale kwenye kurasa ishirini za moto, lakini nilipofika kwenye lile sikio ndani ya leso hamu ikaniisha. Barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya hiyo Jumatatu, kwa hiyo wengine mnaosubiri majibu kuhusu waume zenu mnivumilie.

Unaniuliza kama uache chuo, na mimi naona mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Ukitoroka leo, karakana itafungwa, mama wa watu atarudishwa nyumbani na doa juu ya jina lake, halafu wewe utamfuata hadi kwake umwambie nini? "Hodi, nimekuja kujifunza"? Aibu huna? Baki hapohapo.

Wala usiisingizie shahada. Nadharia haikuwasha gesi, uliwasha wewe. Mwanafunzi wa sanaa anatakiwa ajue waliomtangulia walifanya nini na kwa nini, na anatakiwa ajue kuieleza kazi yake mbele za watu bila kubabaika. Wanaotaka somo hilo hawana wazimu. Kosa lao ni kutaka kulikalisha mahali pa jingine, kama mwenye nyumba anayebomoa jiko ili apate sebule kubwa ya kuongelea chakula.

Mimi sijawahi kufinyanga hata kijiko. Lakini nilipofika pale mama alipovua ndala nilisoma mara mbili, nikaiweka barua mezani, nikatoka nje kidogo. Mtu amefungua mlango uleule miaka ishirini na sita na bado unamtisha kwa uzuri! Nimeshauri watu kwenye ukurasa huu kwa muda mrefu na sijui kama kazi yangu naiheshimu hivyo. Kama kuna jambo chuo cha sanaa kinapaswa kumpa kijana, nadhani ni hilo, na sijui linaandikwaje kwenye mtaala. Ninachojua ni kwamba halipatikani kwa kukaa mbali na anayelijua. Wewe lilikuchukua asubuhi kumi na tatu na shavu. Wadogo zako wa mwaka wa kwanza wakalipate wapi tanuri likizimwa?

Sasa kazi. Udongo uwahi ungali maji, ndivyo walivyosema wahenga, ingawa wewe uliuwahi kupita kiasi. Taratibu mtafute wewe, usingoje akusikie kwa watu. Usimpambie maneno. Mwambie, "Ni mimi niliyewasha," halafu funga huo mdomo wako maarufu. Akitaka kulia alie, akitaka kukutukana akutukane, akiondoka bila kujibu ni haki yake. Kisha nenda kwa shangazi, umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani. Atakasirika. Suti haiozi.

Kabla ya Jumatatu mwandikie mkuu wa idara barua fupi yenye jina lako kamili: siku, saa, ufunguo, gesi. Omba ile barua ya onyo ifutwe. Usiweke visingizio na usiweke falsafa, nakujua. Na kwenye kikao usikatae kusimama. Simama. Mdomo huo Mungu hakukupa bure, na siku yake ya kazi ndiyo hiyo. Waambie kwamba aliyepasua vyombo vya darasa zima ni mwanafunzi aliyepata tisini na mbili kwenye insha ya moto. Hakuna hoja itakayoitetea karakana kuliko hiyo. Halafu omba mawili tu: kila anayeingia mwaka wa kwanza akae na mama huyo muhula mzima kabla hajaruhusiwa kugusa ufunguo, na kwenye karatasi za chuo aandikwe mwalimu. Wakikusimamisha masomo, pokea. Nidhamu nayo ni sehemu ya elimu uliyoifuata.

Lakini hayo yote ni baada ya kwenda kwa Mama Tanuri mwenyewe, asubuhi, muda wenu uleule. Na hapa, Profesa, nina jambo nawe. Umeniandikia kwamba hujui kwa nini kati ya wanafunzi thelathini na mmoja alikuita wewe. Unayeweza kulisoma bakuli la mtu saa nzima, hili limekushinda? Mbele ya mkuu wa idara alisema, "Andika mimi." Wiki iliyofuata akakuita wewe peke yako, akakuwekea mbele beseni la vigae vya wenzako, akakuacha nalo siku mbili. Hakumpa mwingine. Mwanangu, yule mama anajua. Nadhani alijua tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi aliyokuwa anakufundisha alikuwa anajua.

Kwa hiyo ukifika pale usimsimulie ulivyowasha, hiyo habari anayo. Mwambie, "Mama, nisamehe." Halafu ngoja akujibu, hata kama atachukua siku nzima.