Joto Linapokwama Mpakani

Mama,

Naketi, nainuka, naketi tena. Nyumba hii ya Msambweni imejaa watu na sina pa kutulia. Naingia chumbani kwako, nikifika nasahau nilichofuata.

Leo profesa wangu amepiga simu. Anataka jibu: nirudi maabara Jumatatu, au zamu yangu kwenye mtambo wa mwanga apewe mwingine. Mama mdogo Saumu hataki niondoke kabla ya arobaini. "Dhahabu haiozi," anasema, "itakungoja." Haiozi, ni kweli. Mtambo ndio haungoji.

Ulicheka siku ile nilipokueleza kazi yangu, vidole vyako vimeganda unga wa viazi karai. Nilisema chembe za dhahabu ni ndogo mno, zaelea majini, tunazipiga mwanga zikapata moto ghafla, kisha tunapima zinavyoyapa maji joto lao. "Dhahabu haionekani, haivaliki! Mwanangu, umetapeliwa!" Kisha ukauliza itamfaa nani. Nikajibu huenda siku moja ikaunguza uvimbe mwilini bila kisu. Ukageuza viazi.

Uvimbe ulikuwa nao tayari. Mbona hukusema, Mama?

Na mimi sikukueleza linaloninyima raha. Dhahabu na maji vinagusana, lakini joto halivuki lote kwa wepesi. Dhahabu hutetema kwa namna yake, maji kwa namna yake, na sehemu ya mtetemo hurudi ilikotoka. Hapo mpakani joto hushuka ghafla, kama ngazi iliyokosa kidato. Kwenye karai lako hilo si kitu. Kwenye chembe ndogo vile, laweza kuwa ndilo linaloamua kila kitu. Na tukizivika chembe utando ili zisigandamane, mpaka hubadilika tena. Utando upi unapitisha, upi unazuia? Hapo ndipo nilipokwama.

Siku ya kukuosha, Saumu aliniita. "Pima maji ya mama yako, si ndiyo kazi yako?" Nikatia kiwiko: vuguvugu. Tukakuosha mara tatu, ya mwisho kwa karafuu maiti. Kila kata niliyomimina, niliweka kiganja begani pako nikingoja. Ngozi ilipata joto kidogo, ikapoa. Tulipomaliza ya tatu, nikamimina tena. Saumu akanishika mkono: "Umefanya nne sasa, mwanangu. Tuongeze ya tano, idadi iwe witiri, isigawike kwa mbili." Hakunikemea. Akamimina yeye, mimi nikalia.

Wanasema sikulia matangani. Walitaka kuona. Sijui nifanyeje ili kilichomo ndani kitoke kiwafikie; nakaa katikati yao nikiungua, nao waniona baridi.

Nimeamua. Nimempigia profesa, nikasema naja. Saumu alinuna, kisha akanifungia mahamri ya njiani bila kunitazama. Siku ya hitima ya arobaini nitakuwepo, nitasafiri usiku kucha ikibidi.

Pumzika, Mama. Mola akupanulie kaburi lako. Wodi uliyolala haijabaki tupu. Nimepita, nimewasalimia wanawake waliomo, nikawaeleza kazi yangu. Mmoja aliniuliza dawa hiyo ya dhahabu itafika lini. Nilitamani kumwambia karibuni. Nikamwambia sijui. Nakuahidi sitamjibu vingine mpaka nimepima, na sitaacha kupima.

Binti yako,
Mwanasiti