Bei ya Mwisho

La Rochelle, Johannesburg
Jumatatu, 6 Julai 2026

Yaya Marthe, dada yangu mkubwa mpendwa,

Jana asubuhi Pasta Pacifique aliomba mbele ya kanisa zima kwamba Mungu amfungue ndugu yetu mmoja "ambaye kwenye redio anatufundisha habari za pombe, na kwenye mfuko mweusi anaibeba." Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana katika kanisa letu mwenye kazi ya redio ni mimi peke yangu. Najua habari hii inaweza kufika huko kwenu Katuba kabla ya barua, ndiyo maana nimeitanguliza hata mbele ya salamu. Unisamehe.

Sasa salamu. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua unapoinuka? Shemeji amepona kikohozi? Watoto wamefunga shule? Waambie mjomba wao hajawasahau. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku mwezi huu ni kavu, inapasua midomo, na asubuhi bomba la uani halitoi maji mpaka jua lipande. Naenda kazini Newtown, narudi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako hushikwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako. Glody, yule mtoto wa jirani yako Mama Célestine, anapanda basi la Lubumbashi keshokutwa na mizigo yake ya nguo. Atakukabidhi mkononi.

Nianze na kosa langu la kazi, kwa sababu watu wamelicheka na wewe pia unaweza kulicheka. Huku kuna pendekezo linalojadiliwa, na bado halijaamuliwa, kwamba serikali iweke kiasi cha pesa ambacho chini yake mtu haruhusiwi kuuza pombe. Hawahesabu chupa; wanahesabu kileo chenyewe kilichomo. Kwa hiyo wiski ya hotelini, ambayo tayari ni ghali, haiguswi. Kitakachopanda ni mvinyo wa boksi na yale machupa makubwa ya bia kali yanayouzwa mitaani kwetu karibu na bei ya mkate. Watu wa afya wanasema wanaokunywa kupita kiasi ndio wanaonunua ile ya rahisi, na ikipanda wengi wao hupunguza.

Kazi yangu ilikuwa kuliweka hilo katika Kiswahili kwenye kipindi chetu cha jioni, ambacho husikilizwa na Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, kila mmoja na Kiswahili cha kwao. Nikasema kwamba wataalamu wanaitaka serikali iweke bei ya chini ya pombe. Nikarudia, kwa sauti yangu ya habari. Baada ya miaka yote katika kazi hii, sikusikia nilichokuwa nakisema. Mitaa yetu hii ya kusini ilisikia. Ilisikia kwamba bia inashuka.

Jumamosi iliyofuata shirika moja la afya liliitisha mkutano hapa jirani, Turffontein, kueleza jambo hilo, nami nikaombwa kutafsiri. Kwa kawaida kwenye mikutano ya namna hiyo huja akina mama na viti vitupu. Safari hii wanaume waliwahi viti vya mbele, wamevaa mashati ya pasi. Fundi mmoja wa cherehani aliniita mheshimiwa, akaniambia nikigombea ubunge kura yake ninayo. Upande wa pili walikaa akina mama wa kanisa, na mbele yao Mama Jocelyne, msusi tunayesali naye, mikono kifuani. Mume wake ni mnywaji na mtaa mzima unajua. Aliponiona alisema, bila kushusha sauti, kwamba huyu ndiye Alexis anayetaka waume zetu walewe kwa bei ya karanga.

Mtafiti wa shirika lile alizungumza Kiingereza, mimi nikafuata. Nilipofika kwenye maneno "ni marufuku kuuza chini ya hapo," ukumbi uligeuka. Akina mama wakapiga makofi. Fundi akaniuliza kama kura yake inarudishwa. Wanaume kadhaa wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali.

Mama Jocelyne aliacha kupiga makofi kabla ya wenzake. Akasimama, akasema kwamba mume wake si mtu wa kupanga matumizi. Pombe ikipanda hataacha pombe, ataacha unga. Akauliza kama wataalamu wamelipima hilo. Mzee mmoja nyuma akadakia kwamba sisi wa Lubumbashi tunajua: mtu akikosa ya bia haachi, anahamia lutuku ya kupikwa uani, na lutuku haina lebo wala haijali serikali imesema nini. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Mtafiti alijibu bila kuzunguka. Kwa wengi, alisema, bei hupunguza unywaji. Kwa yule ambaye mwili wake umeshaizoea, bei peke yake haitoshi, huyo anahitaji matibabu. Niliandika pande zote mbili.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mtu mmoja. Kwa sasa nimwite chanzo changu, kama tunavyofanya kazini. Jina lake linakuja. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama nimewahi kununua kitu sokoni au huwa naletewa na malaika. Muuzaji akichoka kubishana na wewe anasemaje? Anasema hiyo ndiyo bei ya mwisho, na hapo hashuki tena hata ukilia. "Basi serikali nayo inataka kusema bei ya mwisho," aliniambia. "Wewe umewatangazia watu punguzo."

Nilimwuliza anavyoona, kwa sababu anaijua pombe kwa njia ambayo mtafiti haijui. Alisema yeye haitamsaidia tena, itamfilisi tu. Lakini mtu anayeanza leo, itamchelewesha, na akichelewa huenda akakutana na jambo jingine njiani. Siku iliyofuata nilitumia "bei ya mwisho" hewani bila kumtaja aliyenipa. Mhariri wangu, Nyaboke, Mkisii wa Kenya asiyesifu ovyo, alisema tu, "Sasa hiyo imeingia."

Wakati huohuo Mama Jocelyne alikuwa akizunguka maduka ya pombe akimtafuta mume wake. Kwenye lile lililo karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, alinikuta mimi natoka na mfuko mweusi. Akanikuta tena. Mara nyingine aliuangalia mfuko, akaniangalia mimi, akaniuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho, akaondoka bila kungoja jibu. Simlaumu. Aliripoti alichokiona, na alichokiona ni kweli. Nilinunua, na nimekuwa nikinunua tangu Mei.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Kanisani benchi langu lina nafasi siku hizi. Wale waliokuwa wakinipigia simu niwasomee barua za uhamiaji wamepata msomaji mwingine. Nikiingia spaza, kiduka cha mtaani, mazungumzo ya Kiswahili yanageuka kuwa ya Kiingereza, ya bei ya sukari. Nyaboke alifunga mlango wa studio akaniambia, "Alexis, kama kuna kitu, sema tu. Mimi si kanisa." Nilimshukuru, nikaendelea kusoma hati yangu. Jioni nasonga bukari ya watu wawili, nakula ya mmoja. Nafungua redio ya kituo chetu na kusikiliza marudio ya sauti yangu mwenyewe, kwa sababu ndicho Kiswahili pekee kinachozungumzwa humu ndani saa hizo.

Yaya, kaa chini kama umesimama.

Pombe hiyo siinywi mimi. Ni ya Chris. Mdogo wetu hayuko Durban, na hajawahi kufika Durban. Yuko hapa, nyuma ya pazia nililogawia chumba changu, amelala ninapoandika. Hukumpata kwenye simu kwa sababu aliiuza. Salamu zote nilizokuwa nakuletea kutoka kwake bandarini nilizitunga mimi, kwa ombi lake. Alisema wewe ndiye uliyemlea baada ya mama kufa, na kwamba ukimwona alivyo utajiuliza ulikosea wapi. Nilimpa neno langu. Yeye ndiye chanzo changu, na unajua sisi waandishi hatutaji vyanzo vyetu.

Yalivyokwenda ni hivi. Unakumbuka alikuja huku na diploma yake ya ualimu wa lugha, na hakuna shule iliyoitaka. Akapata kazi ya ulinzi kwenye uwanja wa magari, majira ya baridi kama haya. Wenzake walikuwa na boksi la mvinyo la kupasha mwili, rahisi kuliko chai ya kibandani. Hilo boksi lilibaki baada ya baridi kuisha. Kazi ikaondoka, chumba chake kikaondoka, akaja kwangu.

Mwezi wa tano nilifanya kile ambacho watu wote wangenishauri nifanye. Nilimwaga kila kitu kwenye sinki nikamfungia mlango. Kesho yake alianguka, mwili ukamkamaa, akajing'ata ulimi, hakunitambua. Muuguzi wa kliniki hakunifokea. Alinieleza kwamba mwili uliozoea hivyo ukinyang'anywa ghafla unaweza kufa, na kwamba mpaka kitanda cha hospitali kipatikane, apewe kiasi, kikipungua taratibu, na awepo mtu wa kumpimia. Mtu huyo ni mimi. Nanunua kwenye duka la robot, napima kwa kikombe cha chai, na kilichobaki nakifungia kabatini. Asubuhi mkono wake hauwezi kushika kijiko mpaka nimpe. Nimeripoti vita, Yaya, na maandamano, na mgodi ulioporomoka. Sikuwahi kulazimika kumwekea mtu mdomoni kitu ninachojua kinamwua.

Kwa hiyo ukiniuliza msimamo wangu juu ya ile bei, sina wa kukupa mzima. Ikipitishwa kesho, mfuko wangu ndio utakaoilipa, maana siwezi kuacha kununua. Na bado nikiifikiria ile baridi ya uwanja wa magari, na boksi lililokuwa rahisi kuliko chai, natamani lingekuwa ghali siku ile.

Nilipomwambia jana alichosema Pasta, Chris alisema, "Mwandishi, mwambie Yaya. Lakini Yaya tu." Kuhusu kanisa hakunipa ruhusa, nami sikumwomba. Ukisikia kwa watu wa Katuba kwamba Alexis amekuwa mlevi, usinitetee. Ukinitetea, wataanza kuuliza pombe ni ya nani.

Amepungua mwili, lakini akili yake unaifahamu, ni ileile, na bado hasamehe kosa la sarufi. Ameniuliza kama bado unaimba unapofua. Nilimwambia nitakuuliza.

Nisalimie shemeji, watoto, na Mama Célestine, huyu wa mwisho bila maelezo. Chunga goti. Choma barua hii ukimaliza, au ifiche mahali watoto hawafiki.

Kitanda kimepatikana. Hospitali inataka namba za ndugu wawili watakaopigiwa simu likitokea lolote. Ya kwanza ni yangu. Ya pili sina mtu huku wa kumwomba, na nimekusudia kutoa yako. Kama hutaki, usinieleze sababu, nitumie tu neno "hapana" kwenye simu na nitaiacha nafasi hiyo wazi. Glody atakuwa kwako Ijumaa, au Jumamosi basi likikwama mpakani. Sisi tunatakiwa mlangoni pa hospitali Jumanne, tarehe 14, saa moja asubuhi.

Mdogo wako,
Alexis