Siku Akinyi Alipojenga Kiini Bila Mimi

Makongeni, Jumamosi, Julai 1998

Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa, manyunyu tangu asubuhi, na jua hatujaliona. Lakini mimi nina joto. Nimecheka peke yangu njia nzima kutoka kazini, mpaka mama anayeuza sukuma wiki karibu na kwetu akaniuliza kama nimeposwa.

Sijaposwa. Nimeshinda.

Wacha nieleze vizuri, maana mwaka huu nimegundua kwamba kueleza vizuri ndiko ninakokupenda kuliko kazi nyingine yoyote. Na kama kuna mtu anayesoma ukurasa huu wangu wa mtandao, ambaye sijui ni nani wala yuko wapi, ningependa afurahi pamoja nami.

Nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo kilicho juu ya duka la fanicha, kando ya Jogoo Road. Mwenye chuo ni Mzee Wafula, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza kabla hajastaafu. Mwenzangu ni Akinyi, anakaa Umoja, anafundisha kupiga chapa. Kompyuta zetu ni kuukuu, tulizopewa na ofisi zilizokuwa zinanunua mpya, na hakuna hata mbili zinazofanana. Programu za kisasa haziziwezi. Kwa hiyo mwaka jana niliziwekea ule mfumo wa bure ambao watu wa nchi mbalimbali wanautengeneza pamoja kwa barua pepe.

Mfumo huo una kiini, au kernel kama wanavyouita wenyewe. Kiini ndicho kinachoongea na diski, kibodi, printa na kila kifaa kingine. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kama zetu, inabidi ukijenge wewe mwenyewe, na kabla hujakijenga unaulizwa maswali. Unataka hiki? Ndiyo au hapana. Na kile je? Ukijibu ndiyo kila mahali, kiini kinanenepa mpaka hakitoshei. Ukijibu hapana mahali pabaya, mashine haiamki.

Maswali ni mengi kuliko ya mtihani, na mtihani angalau mtu hufundishwa kwanza.

Kila swali lilitakiwa kuwa na maelezo yake. Mengine hayakuwa na neno hata moja. Mengine yalisema uwashe chaguo hili kama una kifaa hiki, basi. Kifaa chenyewe kinafanana vipi? Nitakijuaje nikifungua mashine? Nikikosea kutatokea nini? Kimya. Mimi nilijifunza kwa kuharibu, nikirudia mpaka nikazoea, kisha nikasahau kwamba ilikuwa ngumu.

Mwezi wa tatu nilienda Machakos kumzika shangazi. Nikiwa huko, diski ya mashine moja ikafa. Fundi akaweka nyingine ya aina tofauti, na kiini kikahitaji kujengwa upya. Akinyi akajitolea. Alipofika kwenye swali la diski akakuta herufi ambazo hajawahi kuziona, akajibu hapana. Mashine ikaamka, ikatafuta diski yake yenyewe, haikuiona, ikasimama. Alijaribu tena na tena. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa inazihudumia nyingine zote, kwa hiyo darasa zima likafungwa mpaka niliporudi.

Mzee Wafula alituita ofisini.

"Mwende," akasema, "hizi mashine zinakusikia wewe tu. Siku ukiolewa Mombasa, mimi nitafanya nini?"

Akaendelea kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza. Kuna mama alikuwa anakitaka kile chumba afungue saluni. Mzee angesubiri mpaka shule zifungwe mwezi wa nane. Kama hadi hapo hakuna mtu mwingine anayeweza kuziendesha, basi darasa la kompyuta lingeondoka, na sisi pamoja nalo.

Kwenye ngazi nilidhani Akinyi analia. Kumbe alikuwa amekasirika.

"Si eti mimi ni mjinga, Mwende. Hiyo swali iliandikwa na mtu hataki niijibu."

Sentensi hiyo sikulala nayo vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia maelezo yake mwenyewe, ya kubandika ukutani. Halafu nikajiuliza: kwa nini yawe ya Akinyi peke yake? Si kuna kina Akinyi kila mahali mfumo huu unapofika? Kwa nini nisiyaandike palepale panapoulizwa swali, kila mtu ayakute?

Basi nikawaandikia watu wa mfumo, nikitumia modemu iliyo ofisini kwa Mzee. Jibu la kwanza lilitoka kwa bwana mmoja ambaye hata hakunisalimu. Alisema asiyeelewa swali hafai kuwa anajenga kiini.

Nilisikia masikio yakiwaka moto. Akinyi alisoma akiwa nyuma ya bega langu, akacheka mpaka akashika kiti.

"Huyo, mashine haijawahi kumkatalia mbele ya watu."

Nilijibu kwa adabu. Niliandika kwamba hakuna aliyezaliwa akielewa, na kwamba huku kwetu hakuna jirani wa kumuuliza. Kama maelezo hayakusaidii, umebaki peke yako. Kisha nikatuma, nikazima modemu, nikaenda kufundisha.

Aliyenijibu safari hiyo alikuwa mwingine, yule anayetunza maelezo yote. Alisema nilete. Yawe mafupi, na yawe sahihi.

Nilianza na diski. Niliandika kwa kujiamini kwamba ukiona kebo pana, bapa, imetoka kwenye diski, jibu ni ndiyo. Akanirudishia: kuna diski za aina nyingine kabisa zenye kebo bapa vilevile, na maelezo yangu yangempoteza mtu. Niliudhika. Nikafungua mashine zetu moja baada ya nyingine nikaangalia. Alikuwa amesema kweli! Nikaandika upya: acha kebo, soma karatasi iliyobandikwa juu ya diski, tafuta herufi hizi. Nikaongeza jambo nililolitaka kuliko yote, kwamba ukijibu hapana na mashine yako inaamkia kwenye diski ya aina hii, haitaamka. Hilo hakuligusa.

Kuanzia hapo, kila nilichoandika nilimpa Akinyi kwanza. Nilimkalisha mbele ya skrini, nikakaa kando, nikafunga mdomo. Palipokwama kidole chake ndipo palipokuwa pabaya. Kufunga mdomo kulinishinda mwanzoni.

"Si imeandikwa hapo?" nilimwambia siku moja.

"Imeandikwa. Lakini haijaniambia kitu."

Nikafuta, nikaanza tena.

Kadi ya mtandao ndiyo iliyotutoa jasho. Kadi ndiyo inayoiwezesha kompyuta moja kuongea na nyingine. Maswali yalitaja kadi maarufu kwa majina yake, lakini kadi zetu zimenunuliwa kwenye vichochoro vya mjini, na boksi lina jina ambalo hata mtengenezaji sijui kama analikumbuka. Akinyi alishika boksi mkononi, akapitia maswali yote akitafuta jina lile, hakuliona, akajibu hapana kote. Nani angemlaumu? Mimi nilikuwa najua kwamba kadi hizo karibu zote zinaiga kadi moja ya zamani, lakini nilijua tu kwa sababu nilishahangaika nazo. Basi nikaandika hivyo: kadi nyingi za bei nafuu zina majina mengine lakini zinaiga hii, usipoona jina la kadi yako popote, jaribu hii kabla ya zote.

Yule mtunza maelezo aliandika kwamba swali hilo watu humuuliza kila mara. Akashukuru. Baada ya hapo, kimya cha wiki na wiki.

Jumanne, mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi mjini aliniletea sidii yenye toleo jipya la mfumo wetu. Niliifungua, nikatafuta maelezo ya diski. Nikayaona. Maneno yangu, na koma pale nilipoiweka. Nikatafuta ya kadi. Yapo. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Darasa lilikuwa tupu kabisa, hakukuwa na wa kumwambia. Nikayasoma kwa sauti kubwa.

Na leo ndiyo ilikuwa siku aliyoiweka Mzee ya kumpima Akinyi.

Alikuwa amemwambia fundi abadilishe diski na kadi kwenye mashine moja, ili lolote ambalo Akinyi amelikariri kwangu lisimsaidie. Akinyi akaketi. Mzee akanigeukia.

"Wewe, nje."

Nikakaa kwenye ngazi na sweta yangu, upepo wa manyunyu ukinipuliza. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia Akinyi akisema, "Niaje, mashine. Leo ni mimi na wewe." Kisha vidole kwenye kibodi. Kisha kimya kirefu, na hicho ndicho kilichonimaliza, maana nilijua maswali kwa mpangilio wake na sikujua amekwama wapi.

Mzee akachungulia. "Amechukua bisibisi. Anafungua mashine."

Nusura nipige makofi. Alikuwa anaenda kusoma karatasi ya diski!

Alipomaliza maswali, mashine ikaanza kujenga. Kwa mashine za umri ule si kazi ya dakika; unaiacha inajipika. Tulishuka kula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha chini. Mzee alitukataza kutaja kompyuta hata kidogo, na alikaa katikati yetu kama askari. Kwa hiyo tuliongea juu ya harusi ya dada yake Akinyi, nguo za wasimamizi zitakuwa rangi gani, huku mimi sijui ninachotafuna. Nilimtazama usoni nijue kama alijibu vizuri. Akanipa chumvi.

Mchana tukapanda tena, na safari hii niliruhusiwa kuingia, mradi nisimame karibu na dirisha. Akinyi akaiwasha upya. Mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini. Diski, imeonekana. Nilishika fremu ya dirisha. Mistari mingine, mingine, kisha ule wa kadi: imeonekana.

"Hiyo ni kuwaka tu," akasema Mzee. "Iongee na nyingine."

Printa yetu iko kona ya pili ya chumba, imeunganishwa kwenye kompyuta nyingine. Ili karatasi itoke pale, lazima mashine ya Akinyi iipitishe kwenye ile kadi. Akachapa maneno fulani akiyafunika kwa bega tusiyaone. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akinyi hakugeuka. Mzee akakohoa.

Printa ikanguruma.

Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Mzee mwenyewe alienda, akaichana karatasi, akavaa miwani, akasoma. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa, ndipo akanipa karatasi. Ilisema: "Mzee, kwa heshima zote, mwambie yule mama wa saluni atafute chumba kingine. Akinyi."

"Nani alikufundisha haya yote?" akamuuliza.

"Hakuna, Mzee. Nilisoma tu."

Akamwonyesha maelezo kwenye skrini. Mzee akainama, akafuata mstari kwa kidole kama anasahihisha insha, akayasoma yote kwa sauti, yale ya diski na yale ya kadi. Mimi dirishani sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Hii hata mimi nimeielewa," akasema. "Nani aliandika?"

Akinyi akaninyooshea kidole. Mzee akanitazama, kisha akaitazama skrini tena, kama mtu anayelinganisha picha na mwenyewe.

"Darasa linabaki," akasema. "Na Jumatatu utanionyesha mimi. Nataka kujenga kimoja kabla sijafa."

Tulishangilia mpaka mafundi wa fanicha chini wakagonga dari kwa fimbo.

Akinyi akasema hatuwezi kwenda nyumbani hivihivi, akanipeleka Kiamaiko kula mbuzi. Tulikula kwa mikono, tukirudia kila kitu tangu mwanzo, akiiga kikohozi cha Mzee. Kisha akaweka mfupa chini.

"Lakini Mwende, imeandikwa Kizungu. Mathe wangu anasoma Kiswahili vizuri sana. Yeye ataambiwa lini?"

Nikacheka, nikimwazia mama yake mbele ya kibodi. Kisha nikaacha kucheka.

Sasa niko nyumbani, mama anasonga ugali, ameshaniita na nimemwambia nakuja. Kwa nini isiwe? Nani amesema kompyuta haiwezi kumuuliza mtu swali kwa lugha yake? Nitaandika swali moja kwa Kiswahili kila wiki, na maelezo yake, niliweke hapa, anayelitaka alichukue. La kwanza nimeshaliandika, na sikuhangaika kama nilivyoogopa:

"Printa. Ukijibu ndiyo, kompyuta yako itaweza kuchapa kwenye karatasi. Tazama nyuma ya mashine: kama kuna tundu refu lenye vitobo vingi katika safu mbili, printa nyingi huchomekwa hapo. Ukijibu hapana, kila kitu kingine kitaendelea kufanya kazi, ila hutaweza kuchapa. Kama huna hakika, sema ndiyo."