Baba Anakimbia, Mimi Natangulia

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi
Jumatano asubuhi, kabla wateja hawajafika

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko, za kazi, za wifi na mgongo wake? Sisi tu wazima, au niseme tunaamka na tunakula, mengine tunamwachia Mungu. Cherehani yangu inakohoa lakini inashona.

Uliniuliza kama mji wetu unafaa kwa kukimbia, maana huko unakimbia juu ya mashine, ukumbini, ukitazama ukuta. Pole sana. Kaka, mji huu unafaa kupita maelezo, ila sisi tulikuwa tumelala tu. Alfajiri barabara ya magereji imeshafagiwa na magari bado hayajaanza kelele. Njia ya kando ya mfereji ni udongo laini, haiumizi magoti, na miti imeifunika mwanzo hadi mwisho. Ukipanda kilima cha matangi ya maji upepo unakupokea kifuani, na chini unaona mji mzima, taa zinazimika moja moja. Wafagiaji wanakusalimu kama ndugu yao. Harufu ya mkate unaookwa inakufuata mtaa mzima.

Utashangaa nimeyajuaje haya, mimi niliyekuwa nahema nikipanda ngazi zetu. Nimeyajua kwa hofu, kaka.

Baba anakimbia. Daktari alimwambia moyo wake umechoka, atembee polepole kila siku. Baba akachukua "kila siku", "polepole" akamwachia daktari mwenyewe. Unamjua, miaka yote ya kutengeneza breki za watu, zake hajawahi kuzikanyaga. Nimemsihi, shangazi amelia, wapi! Anasema gari likiegeshwa sana linaoza. Nikamjibu kwa hasira kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kisha nikauogopa ulimi wangu. Tangu hapo usingizi umenihama.

Basi nikaanza kumfuata kwa siri. Nilivaa koti la mvua la shemeji yako, lile lenye kofia, nikawa najibanza kwenye kuta. Akiongeza mwendo, nami naongeza. Nilidhani nguvu zimemrudia, nikawa nashukuru huku naogopa. Juzijuzi, kwenye kilima cha matangi, alisimama ghafla, akashika ukuta, akaokota jiwe.

"Simu hii hapa, chukua!" alisema akihema. "Ila usinisogelee!"

Nikavua kofia. Alinitazama, akanitazama, jiwe likamtoka mkononi.

"Kumbe siku zote hizi ni wewe? Mwanangu, nimekimbia mpaka moyo unataka kutoka. Nilijua ni mwizi."

Hakutuambia kuwa anafuatwa, kwa kuogopa tutamzuia kutoka. Kwa hiyo aliyekuwa akimkimbiza baba yetu kuelekea kaburini ni mimi. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza, midomo yake imepauka.

Kuacha hataki. Ila sasa ametoa sharti: hataki tena mtu nyuma yake. Njia ya mfereji haipitishi wawili, kwa hiyo mimi natangulia, na nikigeuka ananikaripia. Nasikiliza hatua zake tu. Lori likipita ng'ambo nazipoteza, na moyo wangu unakwenda mbio kuliko miguu mpaka nizisikie tena.

Leo hatua zimenyamaza, na hapakuwa na lori. Sikugeuka upesi, kaka. Nilisimama nikitazama mbele, kwa sababu kabla sijageuka, baba alikuwa bado mzima.

Nilipogeuka alikuwa amepiga goti, anafunga kamba ya kiatu. Akanicheka. Mimi hata sasa gauni la bibi harusi liko mezani, nashindwa kulitia sindano.

Mimi hanisikii, wewe anakusikia tangu zamani. Ukimwambia atembee, atatembea, tena atajidai ni wazo lake.

Shangazi anakusalimu, shemeji yako pia, na wifi mwambie asibebe ndoo. Mungu akulinde njiani, maana nataka uwe njiani. Usingoje likizo, kaka. Usingoje ile simu inayowarudisha watu wote nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuhitaji,
Fundi wa Nguo