Aliyewashika Mbwa

Nyeri, Jumatano, 1967

"Sijui, mama." Hivyo ndivyo nilivyojibu. Mimi!

Mgeni alikuwa akitazama picha ya mzungu aliyejenga hoteli hii. Chini yake yameandikwa majina ya mzungu, mkewe, hata mbwa wao wawili. Akaniuliza, "Na huyu aliyewashika mbwa ni nani?"

Meneja, mtu wetu wa Tetu, alikuwa amesimama karibu. Alishatukataza kuwaambia wageni mambo ya kizuizini wakati wa mkoloni.

Aliyewashika mbwa ni baba yangu. Alibeba mawe ya kuta hizi, halafu akafia kizuizini, na mwili hatukupewa. Picha nyingine yake hatuna.

Baadaye jikoni meneja akaniambia, "Umejibu vizuri, Kariuki."

Nikamwambia asante.

Kesho asubuhi ni zamu yangu ya kuipangusa ile picha.